Kaka yangu alikuwa anawapigia simu vifaranga wakiwa bado kwenye mayai

Wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu habari za mabandani.

Uzi huu nimeuandika nikaufuta sijui mara ngapi. Nilikuwa sijui niuweke kwa wafugaji au kule kwa wenzetu wa mambo ya ajabu. Nimeuleta huku kwa sababu angalau ninyi mnajua yai ni kitu gani.

Siuzi vifaranga, siuzi mashine, na marehemu ninayemsema ni ndugu yangu wa tumbo moja. Sina sababu ya kumtungia hadithi.

Mwenye chai aisogeze karibu, ni ndefu kidogo.

Kwa kifupi ni hivi. Kaka yangu aliletwa kuzikwa nyumbani huku mke wake akiamini kwamba mumewe alikuwa na familia nyingine huku mlimani. Mashahidi pekee ambao wangeweza kumsafisha jina walikuwa ndani ya incubator, na siku ya mazishi walikuwa hawajatoka kwenye maganda.

Twende taratibu.

Mimi ni wa Masama, wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Ni kitindamimba kwetu, na kwa desturi yetu kitindamimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Wenzangu walipotawanyika kutafuta maisha, mimi nilibaki na migomba, kahawa, ng'ombe wawili na makaburi ya baba na mama.

Kaka yetu mkubwa, Anaeli, alienda Dar es Salaam akiwa kijana na hakurudi tena kukaa. Alikuja kila Krismasi kama Wachaga wote wenye akili timamu. Akajenga nyumba sehemu ya juu ya kihamba, yaani shamba letu la ukoo; nyumba nzuri, vigae, dari safi, mpaka betri za kuhifadhi umeme akafunga ili friji isizimike.

Mnaotujua mnatucheka kwa hili. Tunajenga majumba ya kulala wiki mbili kwa mwaka. Basi njooni mwezi wa saba muone. Ukungu unashuka mpaka kwenye migomba, unatembea njia nzima unapita geti baada ya geti, madirisha yote yana mapazia na hakuna anayekohoa ndani. Mimi nimezaliwa huku na bado sipendi kupita peke yangu.

Kazi yangu ilikuwa kufungua nyumba ya kaka, kupitisha hewa, kufagia, kufunga.

Sasa Krismasi moja kaka alikuwa uani asubuhi. Akachukua mahindi mkononi akapiga mluzi wa mama. Mama yetu alikuwa na mluzi wake wa kuitia kuku. Miwili mifupi, halafu mmoja mrefu unaopanda mwishoni kama mtu anauliza. Kati yetu ni Anaeli peke yake aliyeurithi. Mimi nilianguka kwenye mparachichi nikiwa mdogo, meno ya mbele yakaenda, nikipiga mluzi inatoka hewa tupu.

Kaka akapiga mluzi, kuku wakamkimbia wote.

Walikuwa kuku wangu wa siku zile, hawajawahi kumwona. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Alisimama na yale mahindi mkononi muda mrefu, halafu akaniambia, "Mangi, yaani nimekuwa mgeni mpaka kwa kuku."

Ile kauli ilimuuma kuliko nilivyodhani.

Mwaka uliofuata, akiwa amebakiza miezi michache kustaafu, akanipigia simu niende Moshi mjini kupokea mzigo. Ilikuwa mashine ya kutotoleshea, ile ya plastiki yenye kifuniko cha kioo, inayogeuza mayai yenyewe. Akaniagiza nikusanye mayai ya kienyeji, yenye mbegu, kwa watu ninaowaamini. Alitaka akirudi kukaa nyumbani akute kuku wake tayari.

Nikaiweka chumbani kwake. Msishangae. Kule ndiko kulikuwa na dari nzuri, mapazia mazito na umeme wa betri. Nyumba ya wazee ninayoishi mimi ina matundu, mwezi wa saba joto halikai hata kidogo. Wafugaji mnaelewa, mashine ikishuka joto ovyo unapika mayai ya kutupa.

Sharti lake lilikuwa moja. Shemeji asijue kwanza. Shemeji yangu ni mtu wa Tanga, baridi ya Masama inamtoa machozi, na kila wakizungumzia kuhamia huku nyumba ilikuwa haikaliki. Kaka alisema atamwambia kidogo kidogo.

Hapo ndipo alipokosea, lakini nani hajawahi kufanya hivyo.

Sasa sikilizeni.

Tangu siku ya kwanza kuweka mayai, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini kaka alikuwa anapiga simu. Salamu fupi, halafu: "Haya, weka simu karibu."

Nakaa kwenye kiti, naweka simu sauti ya juu juu ya mashine. Anapiga mluzi wa mama. Anawaambia wasiwe na wasiwasi, anakuja. "Wamelalaje? Waambie baba yao anakuja, wasinikimbie tena."

Nilimwambia kwamba yai la siku ya pili halina hata masikio. Akasema amesoma mahali kwamba kifaranga anasikia akiwa ndani ya ganda siku za mwisho mwisho, sasa yeye haamini mahesabu ya watu, anaanza mapema. Wakitoka wamkute si mgeni.

Mwanzoni niliona ni utani. Mtu mzima, mzee wa kanisa, anapigia mayai mluzi. Baadaye nikazoea, na nakiri niliipenda ile dakika. Nyumba ile kubwa, ukungu dirishani, na sauti ya kaka inatoka kwenye simu inazunguka chumbani.

Asubuhi moja akapiga mluzi, akanyamaza, halafu akaniuliza, "Uko na nani hapo?"

Nikamwambia niko peke yangu.

"Mbona kuna mtu amenijibu?"

Wakuu, mimi sikusikia kitu. Akarudia mluzi, akasikiliza. Akacheka kidogo akasema, "Nimejibiwa tena. Aisee, ni kama mama." Nikamwambia ni mwangwi wa simu, sauti yake inarudi. Akakubali, au alijifanya kukubali. Nilipokata simu nikaenda kufungua mapazia yote na kuangalia nyuma ya mlango, mtu mzima mimi, mchana kweupe.

Baada ya hapo nilianza kufanya kazi zangu mle ndani haraka haraka.

Nilipima mayai kwa tochi, mabovu nikatoa. Yaliyobaki yalikuwa mazuri, ukimulika unaona mishipa na kitu cheusi kinachezacheza. Zikafika zile siku za mwisho ambapo unaacha kugeuza, unaongeza maji ya unyevu na hufungui tena mpaka wametoka wote. Wageni wa ufugaji shikeni hilo. Ukifungua mashine wakati wanadonoa, unyevu unakimbia, ngozi ya ndani ya yai inawagandia na wanafia mlemle.

Asubuhi ya kwanza ya siku hizo nilikaa kwenye kiti changu kama kawaida. Simu nimeishika mkononi nasubiri kaka apige.

Nikasikia mluzi.

Miwili mifupi, mmoja mrefu unaopanda. Karibu kabisa, pale juu ya mashine. Nikajua nimepokea simu bila kujijua, nikasema, "Eeh kaka, umeamkaje?"

Nikaangalia simu. Kioo cheusi. Hakuna aliyepiga.

Nikainama kuangalia kwenye kifuniko. Mayai yalikuwa yanatikisika. Nimetotolesha mara kadhaa baada ya hapo, najua yai hutikisika siku za mwisho, moja hapa, moja pale. Yale yalitikisika yote kwa pamoja, halafu yakatulia kwa pamoja.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za nje, kwenye baridi, nikajiambia nimechoka.

Bado niko pale kwenye ngazi, simu ikaita kweli. Alikuwa Haika, binti mkubwa wa kaka. Sauti kavu. "Baba mdogo, baba ameanguka barazani. Ametutoka." Akakata kabla sijajibu.

Sitaandika jinsi nilivyokuwa siku ile. Nililia mpaka ng'ombe wakakaa bila kukamuliwa.

Kwetu mtu akifia popote anarudishwa kuzikwa kwenye kihamba chake. Kwa hiyo kazi ikaanza. Maturubai, viti, masufuria, wachimba kaburi. Nyumba ya kaka ikafunguliwa yote. Vyombo vya sebuleni vikatolewa ili jeneza likae, na chumbani kitanda kikatolewa, godoro likawekwa chini, maana mjane hukaa chumbani kwake chini na wanawake wenzake.

Chumbani kwake, wakuu. Pale ilipo mashine.

Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba yetu, ndiye msemaji wa ukoo. Mzee wa kauli moja. Akaniambia nitoe hicho kidude. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba hakisogezwi, mayai yako kwenye siku za kutoka, ukitikisa tu wanaharibika. Akanitazama kama anayemtazama mlevi. "Kaka yako amelala mochwari na wewe unaniambia habari za mayai?"

Nilijua tu kwamba yule marehemu aliyelala mochwari ndiye aliyekuwa ameniomba, karibu kila siku, nisiache mashine izime. Nikaisogeza stuli iliyobeba mashine kidogo kidogo mpaka kwenye kona kama nimebeba mtoto mchanga, nikaifunika kitenge, nikaacha matundu ya hewa wazi. Baba mkubwa aliona, akaondoka akisonya.

Msafara ulifika mchana na ukungu haujaondoka.

Shemeji alishuka kwenye gari akiwa hana hata chozi. Haika naye hivyo hivyo. Nilikwenda kuwakumbatia, shemeji akanipa mkono wa vidole, Haika hakunipa hata huo. Nilijua ni majonzi. Kila mtu analia kivyake.

Lakini niliona kitu. Wote wawili walikuwa wanaangalia watu. Wanapita na macho uso kwa uso, hasa kina mama vijana wenye watoto. Mama mmoja jirani alikuja na mapacha wake kutoa pole, shemeji aliwakazia macho wale watoto mpaka yule mama akaondoka mwenyewe.

Jeneza likaingizwa ndani. Wanaume sita, taratibu, kwaya inaimba kwa sauti ya chini. Lilipovuka mlango wa mbele wakasimama nalo kidogo kwenye korido, mbele ya mlango wa chumba.

Kwaya ikamaliza ubeti, pakawa kimya.

Chumbani pakaanza kulia vifaranga.

Mnajua ile sauti ya kifaranga aliye ndani ya ganda. Nyembamba, ya mbali, hujui inatoka wapi. Sasa ilikuwa inatoka kwenye kona, chini ya kitenge, nyingi kwa wakati mmoja. Nusu ya waombolezaji hawakujua kuna mashine mle. Mama mmoja aliyekuwa karibu na jeneza aliruka, akasema inatoka ndani ya sanduku. Mwingine akaanza kukemea kwa jina la Yesu. Waliobeba wakatazamana, nikaogopa wataliachia.

Nikapaza sauti, "Ni vifaranga! Ni mashine jamani!"

Jeneza likapelekwa sebuleni. Na vifaranga wakanyamaza, palepale, kama waliokatazwa.

Tangu lilipotoka geti la barabarani mpaka linafika mlangoni watu walikuwa wanaimba na vishindo vya miguu vinasikika, vifaranga hawakulia. Walilia liliposimama tu. Mniambie ninyi.

Muda kidogo nikaitwa chumbani. Shemeji alikuwa amewaomba wanawake wampishe. Yuko kwenye godoro, khanga kichwani, Haika amesimama mlangoni kafunga mikono.

Shemeji akaniuliza kwa utulivu kabisa, "Wako wapi?"

"Akina nani shemeji?"

"Watoto wa kaka yako. Nimewasubiri tangu nishuke kwenye gari. Kama wapo waje wamzike baba yao, mimi sitagombana na mtu msibani. Nataka tu niwaone."

Wakuu, nikakaa chini sakafuni.

Akaendelea. Kila asubuhi, alisema, mumewe alikuwa anatoka barazani na simu. Anashusha sauti. Alishamsikia kwa masikio yake: wamelalaje, waambie baba yao anakuja. Alipomuuliza akasema anaongea na mdogo wake. Na kweli namba ilikuwa yangu. Shemeji akajua mimi ndiye ninayewatunza hao watoto na mama yao, kwenye ile nyumba aliyoijenga yeye na mumewe kwa jasho la wote wawili. Alikaa na jambo hilo moyoni wiki zote zile, akisubiri mumewe aseme mwenyewe. Akafa hajasema.

"Nilikuwa nimemnunia," akasema. "Siku anaanguka nilikuwa sijamsalimia."

Nikamwambia ukweli wote. Nikafunua kitenge nikamwonyesha.

Haika akacheka kile kicheko cha dharau cha vijana wa Dar. "Baba mdogo, unatuona mazoba? Mtu na akili zake anayapigia mayai simu?"

Nikiwa mkweli, hata mimi nilipokuwa naeleza nilisikia jinsi inavyosikika. Sikuwa nimerekodi chochote. Sikuwa nimemwambia mtu kijijini, maana angenicheka. Kaka yangu alikuwa anakwenda kaburini na doa ambalo hakulitenda, na mimi ndiye shahidi wake, na mimi ndiye niliyedhaniwa kuwa mshiriki wake.

Na hapo hapo umeme ukakatika.

Zile betri zilipaswa kushika. Lakini vijana wa vyombo walikuwa wamechomeka spika za kwaya na kinanda kwenye umeme wa betri bila kuniuliza, betri zikawa zimeishiwa nguvu. Mashine ikazima taa, kikabaki kile king'ora chake kidogo cha kutahadharisha joto, kinachotumia betri yake. Kikaanza kupiga kelele. Sebuleni mchungaji yuko katikati ya maombi.

Baba mkubwa akaingia na fimbo. "Nilikuambia. Toa hicho kitu nje sasa hivi au nakitoa mimi."

Nikapiga magoti, wakuu. Mbele ya mzee, mbele ya mjane, kwa ajili ya mayai. Nikasema, "Baba mkubwa, nakuomba. Ni mayai ya Anaeli."

Aliinua fimbo kama anataka kuisukuma stuli.

"Asiiguse mtu." Alikuwa shemeji. Aliinuka kwenye godoro. "Shikamoo baba. Nisamehe. Kama ni uongo, nataka niuone mpaka mwisho. Kama ni kweli, nataka niuone pia."

Baba mkubwa hakuzoea kujibiwa, lakini mjane siku ile ana neno lake. Akashusha fimbo, akatoka.

Nikabonyeza kelele ikazima. Nikakimbia jikoni kwenye masufuria ya msiba, nikajaza maji ya moto kwenye madumu madogo, nikayapanga kuzunguka mashine. Shemeji akavua blanketi alilojifunika akanipa. Halafu akakaa karibu na stuli, akaweka kiganja kwenye kifuniko, na hakukiondoa mpaka alipoitwa kwenda kaburini.

Tulimzika Anaeli pembeni ya mama, chini ya migomba. Hakuna mwanamke mgeni aliyetokea na watoto. Haika alisimama mpaka mtu wa mwisho alipoweka shada, bado anatazama njiani.

Sasa asubuhi yake.

Umeme ulirudi jioni ile, lakini mashine ilikuwa imekaa na madumu ya maji ya moto kwa muda mrefu, na mimi nilishakata tamaa. Nilipoingia asubuhi nilikuta shemeji ameketi palepale. Akanionyesha kwa kidole. Kulikuwa na vifaranga wamelaliana ndani, wengine wameshakauka manyoya, wengine bado wana maji. Wawili walikuwa wamekufa wakidonoa. Wengine wote walitoka.

Nikawahamishia kwenye boksi lenye taa, nikawawekea maji na chakula kilichosagwa. Hawakugusa. Wafugaji mnajua kifaranga wa siku ya kwanza anaweza kukaa bila kula, lakini hawa walikuwa wamejikusanya kona moja, wamekaa kimya, vichwa vimeelekea juu. Nikagonga chakula kwa kidole kama mama kuku anavyofanya. Hakuna aliyenijali.

Walikuwa wanasikiliza. Sina neno lingine.

Haika akaja akasimama nyuma yetu. Nikajaribu kupiga mluzi wa kaka, ikatoka ile hewa yangu ya aibu. Shemeji nusura acheke.

Haika akauliza, bila kupenda, "Alikuwa anapigaje?"

Nikamweleza. Miwili mifupi, halafu mmoja mrefu unaopanda mwishoni kama mtu anauliza.

Nikaona uso wake unabadilika. Akasema, "Huo ni wa kutuamshia shule." Kumbe Anaeli aliwaamsha watoto wake kwa mluzi wa mama, miaka yote walipokuwa wadogo, na walipokua akaacha.

Akapiga magoti kwenye boksi. Mara ya kwanza mluzi haukutoka. Mara ya pili ukatoka, safi kabisa, ule ule.

Vifaranga wote waliinuka. Wote, hata wale ambao miguu bado ilikuwa haijashika vizuri. Walikimbia wakianguka, wakaja upande wake, wakajazana kwenye ukuta wa boksi wakimlilia. Alipoingiza mikono wakaipanda.

Baba mkubwa alikuwa mlangoni na sikujua amefika saa ngapi. Alivua kofia.

Shemeji akatazama, akakaa chini polepole. "Baba Haika," akasema, "kuku? Yaani ni kuku?" Na ndipo alipolia. Alilia kilio chote alichokuwa amekibeba kutoka Dar, akicheka katikati, anapiga godoro na kiganja. "Ungeniambia tu. Ungeniambia tu mimi mke wako."

Mpaka hapo mtu anaweza kusema ni sayansi. Kifaranga alizoea mluzi ndani ya yai, akausikia nje, akaufuata. Nakubali, hata mimi nilikuwa nimeshakubali.

Lakini Haika alinifuata siku ya kuondoka, tukakaa kwenye zile ngazi. Akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mama yake.

Siku ile baba yake anakufa, yeye alikuwa kitandani, dirisha lake liko barazani. Alimsikia akipiga mluzi. Akajua ameshaanza kuongea na ile familia yake, akachukua mto akaziba masikio. Alipoutoa mto, baba yake alikuwa ameshaanguka.

Simu ilikuwa mkononi mwake. Haika ndiye aliyeitoa. Jina langu lilikuwa kwenye kioo, lakini alikuwa hajabonyeza kupiga.

Akaniuliza, "Baba mdogo, kwa hiyo mara ya mwisho hawakumsikia?"

Nikamtazama mtoto wa kaka yangu. Nikamwambia walimsikia. Nikamwambia na mimi nilimsikia, nilikuwa pale juu ya kiti, na nikamwitikia. Nikamweleza jinsi mayai yalivyotikisika. Alilaza kichwa begani kwangu, wakamwita kwenye gari.

Leo wale vifaranga ni kuku wakubwa, wanatembea kihamba kizima na wanalala kwenye mparachichi ule ule ulionitoa meno. Haika ananipigia karibu kila asubuhi. Salamu fupi, halafu anasema, "Haya baba mdogo, weka simu karibu." Shemeji naye hudandia kwenye simu, ananiuliza baridi itapungua lini ili aje, na mwezi wa kumi na mbili ulipofika alikuja kweli, akakaa mpaka karibu na Pasaka.

Nilichojifunza kwa upande wa mashine ni kwamba usiruhusu mtu achomeke kitu kwenye umeme wa incubator yako, hata kama ni kwaya. Na maji ya moto kwenye madumu yanaokoa, msidharau.

Kwa upande mwingine: jambo zuri usimfiche mwenzako ukisubiri wakati mzuri. Kaka yangu alikuwa na siri safi kuliko siri zote nilizowahi kusikia, na bado ilimfanya mke wake asimsalimie asubuhi ya mwisho.

Karibuni mnipe maoni. Wenye elimu ya kuku nielezeni, sitakasirika. Ila kabla hujaandika kwamba ni mtandao, kumbuka simu haikupigwa.

Na jibuni na hili. Siku ambazo mtandao unasumbua huku na Haika hapatikani, ule muda wake ukifika kuku wale wanaacha kuparua, wanapanda juu wenyewe mpaka chini ya dirisha la chumba cha kaka, na wanasimama pale wameinua vichwa. Nyumba imefungwa, funguo ninazo mimi. Wanakaa kidogo, halafu wanatawanyika taratibu, kama walioshiba.